Hakuna Mtu Anayefanya Kazi Hivyo

Tampere, Finland
Jumapili, mwisho wa Oktoba

Dada yangu Agnes, Mama Neema,

Shikamoo Dada. Marahaba yako naichukua kabla hujaitoa, maana najua hata ukiwa umenuna huwa hunyimi. Baba naye mpe shikamoo yangu, umuulize mgongo unasemaje siku hizi na kama bado anakataa ile fimbo niliyomletea. Shemeji hajambo? Neema ameshamaliza mitihani? Korosho zimeanza kudondoka au bado mnatazama juu tu? Hapa kila nikiona vumbi la theluji juu ya magari nakumbuka unga wa salfa tunaoupulizia mikorosho, halafu nakumbuka kwamba salfa ina faida.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza, ile inayouma masikio, na jua linatoka limechelewa na kuondoka mapema, nao watu wa huku wanaliita siku. Nakula viazi. Ming'oko ya kuchimba porini naiota usingizini, naamka nakula viazi tena. Kazini niko, mshahara wananipa, lakini ukiniuliza nawaonaje watu ninaofanya nao kazi, utapata jibu humu ndani, tena utalipata kwa kirefu.

Utauliza kwa nini barua wakati Alhamisi tu tumeongea. Kwa sababu simu haisomwi kikaoni. Umeniambia kamati ya kanisa inakutana Jumapili ya pili ya Novemba baada ya Misa, na ajenda ni wewe. Wanataka urudishe funguo za kabati la sakristia, kwa kuwa picha za rejista za ubatizo ulizozipiga kwa miaka miwili zimefutika, na aliyebonyeza ni wewe. Namjua Mzee Lukasi, mwenyekiti wetu. Amefundisha shule miaka mingi na hajawahi kuamini kitu ambacho hakijaandikwa. Basi nimeandika kwa mkono, nimepiga picha, na Shemeji atanisaidia kuichapisha pale stesheneri ya Mkomaindo, Masasi mjini. Karatasi ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya kamati.

Nataka kwanza wewe mwenyewe uelewe kilichotokea, kwa sababu siku ile kwenye simu wewe ulikuwa unalia na mimi nilikuwa nabwabwaja.

Kuna chombo cha kompyuta ninachokitunza pamoja na watu wengine wanane, walio kila mahali duniani. Kina jina la Kiingereza lisilosema chochote, kwa hiyo tukiite Mchukuzi. Mchukuzi hana picha wala vitufe vya rangi. Unafungua lile dirisha jeusi, unamwandikia amri kwa maneno, naye anaitekeleza. Kazi yake ni kuchukua mafaili mahali hapa na kuyapeleka mahali pale. Ndiye niliyekuwekea kwenye kompyuta yako ile Krismasi niliyokuja. Nikamwandikia amri moja fupi, nikaificha nyuma ya alama ya msalaba uliyoichagua mwenyewe, ili usihangaike na dirisha jeusi. Unabonyeza msalaba, picha zinatoka kwenye kompyuta zinakwenda kwenye diski ya nje.

Sasa, kila chombo kina jambo kinalolifanya usipokiambia neno. Wenyewe wanaliita chaguo-msingi. Nyumbani kwa Baba mgeni akiingia haulizwi kama ana njaa. Sahani inakuja, na asiyetaka kula ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Hilo ni chaguo-msingi la nyumba ile. La Mchukuzi, tangu siku ya kwanza, lilikuwa hivi: anapeleka kilicho kipya, na vya zamani alivyovikuta huko havigusi. Ile amri yangu fupi ilikuwa fupi kwa sababu nilitegemea tabia hiyo. Sikumwambia asifute. Sikuona haja, maana hakuwa na tabia ya kufuta.

Mwezi wa tano akatokea mtu akasema tabia hiyo imepitwa na wakati. Anataka Mchukuzi, asipoambiwa kitu, ahakikishe kule anakopeleka panafanana kabisa na kule anakotoa. Yaani akikuta huko kitu ambacho kwenye chanzo hakipo, akifute. Anayetaka vya zamani vibaki, aseme kwa kuandika. Wanauita huo usafi. Sasa mfikirie Shangazi kule Chilangala na lile tangi lake la maji ya mvua ambalo anataka limfikishe hadi Desemba. Umtume mtu ampelekee ndoo mbili za kuongezea, naye akifika amwage kwanza yote aliyoyakuta ndani, kisha aweke ndoo zako mbili, arudi kukuambia: tayari, sasa mna maji sawasawa. Shangazi angemfukuza kwa mchi, na mimi ningemshikia mlango.

Lakini huku mtu wa namna hiyo anaitwa mtaalamu, na hoja yake inajadiliwa.

Mjadala wenyewe ungeuona ungecheka mpaka kanga ikudondoke. Hatukai pamoja. Kila mmoja yuko kwao anaandika, wengine wanajibu, na wavivu wa kuandika wanabandika alama ya kidole gumba. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanahesabu vidole gumba. Huyo mwenye pendekezo ana picha ya paka mahali pa uso, na jina lake ni herufi na namba, kwa hiyo mimi namwita Paka. Mkubwa wetu sote ni mzee aliyeanzisha mradi, ndevu zimemfika kifuani, naye namwita Ndevu. Majina yao ya kweli siyaandiki, na kusema kweli la Paka silijui. Miaka minne nimefanya kazi na mtu nisiyemjua jina wala uso, na yeye ndiye anayeamua nini kifutwe Masasi.

Walibishana miezi mitatu. Wiki mbili nzima ziliishia kwenye swali moja: Mchukuzi kabla ya kufuta aulize "Una uhakika?" au asiulize? Paka akasema kuuliza ni kumdharau mtumiaji, mtumiaji ni mtu mwenye akili. Mwingine akasema aulize, lakini mara ya kwanza tu. Mwingine akasema asiulize, ila aandike baadaye kwamba amefuta, kwa rangi ya kijivu ili asimsumbue mtu. Hapo wakabishana kuhusu kijivu. Mmoja akaleta andiko refu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu, lina vichwa vidogo na marejeo chini, akithibitisha kwamba kufuta ni namna mojawapo ya kutunza. Likapata vidole gumba vingi kuliko yote. Nilikuwa nasoma nacheka peke yangu ofisini, jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Ukitaka kujua kwa nini nawadharau, si kwa sababu ni wajinga. Wana akili, nyingi hata. Nawadharau kwa sababu katika wote hao sidhani kuna aliyewahi kupoteza kitu. Kila walicho nacho kina nakala, na nakala ina nakala yake, imekaa kwenye mashine ya kampuni fulani nchi nyingine. Kwao kufutiwa ni sawa na kumwagikiwa chai, unamimina nyingine. Halafu mtu wa namna hiyo anakaa kutunga sheria ya kufuta.

Kuna mama mmoja tu, mtunza maktaba sijui ya wapi, aliyeuliza swali la maana. Aliandika kwa adabu. Je, kama kuna mtu ambaye kule anakopeleka ndiko aliko na nakala pekee? Kama chanzo anakifuta kila mara ili apate nafasi? Paka hakumpa hata aya moja. Alimjibu mstari mmoja: "Hakuna mtu anayefanya kazi hivyo." Vidole gumba vikamiminika, na kimoja kilikuwa cha Ndevu.

Hakuna mtu. Niliusoma mstari ule kikombe cha kahawa kiko mkononi, na mtu huyo nilikuwa namjua. Namjua kwa jina la ubatizo. Simu yake inajaa ikifika kurasa arobaini. Anazihamishia kwenye kompyuta ya kurithi isiyo na herufi M, inayosimama kwa kuegemezwa kitabu cha nyimbo, anafuta za kwenye simu. Kompyuta nayo imejaa, kwa hiyo anabonyeza msalaba, zinakwenda kwenye diski, anafuta za kwenye kompyuta. Kisha anachukua funguo, anarudi kabatini, anafungua rejista nyingine. Amefanya hivyo kila Jumanne na Ijumaa kwa miaka miwili bila mtu kumwambia asante. Na huo utaratibu hakuubuni yeye. Nilimfundisha mimi, nimekaa naye kwenye benchi la sakristia, nikamwambia, "Diski ndiyo ghala, huku kwingine ni njia tu."

Nilijua pia kilichomo. Nilijua kwamba vile vitabu viwili vya zamani kabisa, vya enzi ya mababu wa babu zetu, mchwa walishavitoboa, na kwamba ulipokuwa unafunua ukurasa ili uupige picha ulikuwa unabaki mkononi. Ulinisimulia. Ulisema, "Klementi, naufungua mara moja tu, hauwezi kufungwa tena." Nilijua watu wanakuja kwako mpaka kutoka Newala na majina ya bibi zao, kwa kuwa wameambiwa walete ushahidi wa uraia, kwamba bibi alizaliwa upande huu wa mto Ruvuma, na wewe unafungua picha, unawaonyesha mstari, na mtu mzima anatoka pale analia kwa furaha. Yote hayo niliyajua nikiwa na kile kikombe cha kahawa.

Na sikuandika neno.

Sasa nikueleze kwa nini, na usiniwahi kunitetea. Sababu ya kwanza ni ile tuliyolelewa nayo. Kikaoni mdogo hadandii maneno ya wakubwa. Unakaa, unasikiliza, na Mzee Lukasi hata akisema saa nzima, mwisho lazima ageuke nyuma aseme, "Na vijana mnasemaje?" Ndipo unasimama. Mimi katika sisi tisa ndiye mdogo wa mwisho, nimeingia nyuma ya wote. Nikangoja. Nilikuwa na jibu langu limeshapangwa kichwani, nikangoja Ndevu aulize, "Na wewe Klementi unasemaje?" Nilifungua ukurasa ule kila asubuhi kuona kama nimeulizwa. Huku hakuna anayeuliza. Wana sheria yao: pendekezo linawekwa mezani wiki mbili, na asiyepinga amehesabiwa amekubali. Wiki mbili zikaisha. Ikatoka orodha ya waliokubali, na jina langu liko pale, lina alama ya kijani, kwa jambo ambalo sikulifungulia mdomo. Adabu yangu yote wameiandika kuwa kidole gumba.

Hiyo ndiyo sababu ningependa iwe peke yake, na ningeweza kuiacha hapo, kamati ingenihurumia. Lakini kuna ya pili. Nilifikiria kuandika: yupo mtu, ni dada yangu. Nikafikiria Paka atauliza kompyuta gani hiyo, kwa nini asinunue diski ya pili, kwa nini asipandishe picha mtandaoni kama watu wengine. Nikaiona ile kompyuta yako imeegemea kitabu cha nyimbo, nikaona na wao wanaiona. Nilikuonea haya, Dada. Mbele ya mtu mwenye uso wa paka nilimwonea haya dada yangu aliyenibeba mgongoni kwenda kliniki. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaikata mara mbili. Safari hii imebaki.

Hata baada ya hapo ningeweza kukupigia. Dakika mbili zingetosha: usibonyeze msalaba mpaka nikuambie. Nikajipa moyo kwamba kompyuta ile haina mtandao, Mchukuzi wako ni wa zamani, atabaki wa zamani, nikija Krismasi nitaongeza neno moja kwenye amri na mambo yataisha. Nilisahau kwamba mwaka juzi nilikuagiza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba ukifika mjini kwenye mtandao mzuri kila kinachoomba kusasishwa ukubali. Nawe ukaenda Masasi kwenye mkutano wa akina mama, ukapata mtandao pale ulipolala, ukakaa ukakubali kimoja kimoja. Ungekuwa mkaidi kidogo, picha zingekuwepo.

Ulipopiga Alhamisi nilikuwa dukani nimeshika mfuko wa viazi.

"Klementi, hebu nielekeze. Diski imekuwa na nafasi."

"Nafasi ipi tena?"

"Tele. Wiki iliyopita ilikuwa inasema imekaribia kujaa. Jumanne nafungua nakuta kurasa arobaini na mbili, zile za mwisho tu. Zingine zimeingia wapi?"

"Dada, ulibonyeza nini?"

"Msalaba. Haki ya Mungu sijagusa kingine, msalaba uleule."

Viazi nikaviacha chini. Nilikuuliza kama ulisasisha, ukaniambia ulisasisha kama nilivyosema, na ukataka kujua kama ulikosea. Nilijua jibu tangu neno "nafasi", lakini nikaanza maneno ya kitaalamu, matoleo, mipangilio, sijui nini. Wewe ukaanza kulia, hukulia kwa sauti, ulikuwa unavuta pumzi tu. Ukasema padre ameshajua, Mzee Lukasi ameshajua, kuna wanaosema ulifuta ili uweke nyimbo. Nyimbo! Halafu ukasema lile neno.

"Wewe uko mbali, mdogo wangu, usijitie kwenye maneno ya kamati. Nitawaambia ni mkono wangu ulioteleza, yaishe."

Nikakubali! Nilisema, "Sawa Dada, tutaona." Ukakata simu, nikaokota viazi vyangu nikaenda kulipa.

Siku iliyofuata niliandika kule kwa wenzangu, miezi kadhaa baada ya kutakiwa kuandika. Niliandika kwa hasira, na Kiingereza changu cha hasira ni kizuri kuliko cha kawaida. Nikawaambia yupo mtu anayefanya kazi hivyo, nikawaeleza simu, kompyuta, diski, vitabu na mchwa. Nikawaambia majina ya watu waliokufa yamefutwa kwa sababu mtu mwenye picha ya paka anapenda usafi. Paka akajibu baada ya saa moja. Anasikitika sana, lakini hiyo haikuwa njia sahihi ya kutunza nakala, na mabadiliko yalitangazwa kwenye maelezo ya toleo, ile karatasi inayoambatana na Mchukuzi kila akibadilishwa. Maelezo ya toleo! Anadhani Jumanne ukitoka shamba unakaa barazani kusoma maelezo ya toleo. Mwingine akapendekeza tuandike onyo zuri zaidi kwenye ukurasa wa mwongozo. Mwingine alibandika alama ya uso unaotoa chozi moja. Sijui hilo chozi linalowesha nini.

Kisha akaandika Ndevu, ambaye huwa haandiki mara nyingi. Alisema pole kwa dada yako. Akasema, "Ungetuambia wakati wa mjadala, mimi nisingekubali pendekezo hili. Nilidhani kweli hakuna." Basi. Baadaye mashine ikaufunga mjadala kwa kuwa ulishaamuliwa, na sasa hakuna anayeweza kuongeza neno.

Nilitaka kumchukia yule mzee nikashindwa. Nimewatukana wote tangu mwanzo wa barua hii na silifuti tusi hata moja, wanastahili. Lakini yeye hakujua. Katika watu tisa, mmoja tu alikuwa anajua, na ndiye aliyenyamaza. Dharau niliyokuwa nayo kwao haifikii hata nusu ya hii niliyobaki nayo juu yangu mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Ile diski usiichomeke tena popote, hata kumwonyesha mtu. Usiongeze picha, usifute, usifungue. Ifunge kwenye kitambaa, iweke kabatini. Kuna watu Dar es Salaam wanaoweza wakati mwingine kurudisha vilivyofutwa, kama juu yake hakijaandikwa kingine. Zile arobaini na mbili zimeandikwa juu ya baadhi ya zilizofutika, kwa hiyo sikuahidi kitu. Pengine zitarudi nyingi, pengine kidogo, pengine hakuna. Nimeomba likizo kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba. Vitabu vinne bado vinafunguka, tutavipiga upya wawili, mimi nafunua wewe unapiga. Vile viwili vya zamani, kama diski haitoi kitu, vimekwenda, na nitawaambia hivyo mimi mwenyewe wale watakaokuja na majina ya bibi zao. Msalaba usiuguse mpaka nifike.

Na kuhusu kikao, nakujua. Ukipewa karatasi ya pili uisome mwenyewe utaikunja, utasema Klementi anasalimia. Ulifanya hivyohivyo nilipovunja taa ya Baba, ukapigwa wewe. Kwa hiyo karatasi ya pili sikuipitishia kwako. Shemeji ataipeleka moja kwa moja kwa Mzee Lukasi, na nimemwomba aisome kwa sauti kabla hajafungua ajenda. Hapa chini nakuandikia tu ili ujue ilivyosema, usije ukashtuka mbele za watu. Kukasirika unaruhusiwa.

Nisalimie Baba, mwambie amri ya fimbo ni yangu na sijaitengua. Msalimie Shemeji, mwalimu wa watu, na umpe pole ya safari za stesheneri. Neema mwambie mjomba anamletea kalamu za rangi, zile nzito. Shangazi wa Chilangala msalimie, muulize tangi limefika wapi. Padre msalimie. Na huyo aliyesema ulifuta ili uweke nyimbo, simjui ni nani, mwache mpaka Desemba.

Mdogo wako asiyekustahili,
Klementi

Karatasi ya pili

Kwa Mzee Lukasi, Mwenyekiti, na wanakamati wote. Shikamooni.

Mimi ni Klementi, mtoto wa Mwalimu Yohana, niliyebatizwa kanisani kwenu. Amri iliyofuta picha za rejista niliiandika mimi na kuiweka mimi kwenye kompyuta ya dada yangu. Miezi kabla ya picha kufutika nilijua kwamba chombo kile kimebadilishwa na kwamba kinaweza kuzifuta. Wenzangu huku waliponiwekea nafasi ya kupinga sikupinga. Dada yangu sikumwonya. Sikuwa na shughuli iliyonizuia. Niliona haya kusema mbele za watu wa huku kwamba ni ndugu yangu anayefanya kazi kwa vifaa vile.

Yeye alibonyeza alichofundishwa kubonyeza, na alisasisha alichoagizwa kusasisha.

Akisimama mbele yenu akasema mkono wake uliteleza, anadanganya, na anadanganya kwa ajili yangu. Msimwamini. Funguo zibaki kwake.

Klementi